Wenye gari za kubonyeza hapa Tanga: ufunguo kulala sebuleni si dalili kwamba gari liko salama

Mwambao:

Wakuu salaam, na wazee wa jukwaa shikamooni.

Tangu Harrier, Vanguard, X-Trail na Dualis za kubonyeza (zile unazowasha kwa kitufe huku ufunguo uko mfukoni) zijae mjini kwetu, vijiweni nasikia kauli mbili. Mmoja anasema gari la kubonyeza haliibiki, lina kompyuta. Mwingine anasema mwizi akija na simu tu anaondoka nalo. Wote wanasema kwa uhakika, na ndio hao hao wanaoshauri watu wanunue gari gani. Nimeona niufungue uzi tuelezane.

Kwanza gari na ufunguo wanazungumza nini. Ukigusa kitasa, gari linatoa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134 hivi, yasiyofika mbali: mita moja, mbili. Ufunguo ulio mfukoni unaamka, unalipokea swali, unatengeneza jibu kwa namba za siri wanazozijua wao wawili, kisha unalirusha kwa masafa ya juu, karibu megahezi 315 kwa gari nyingi za soko la Japani na 433 kwa zile za Ulaya. Jibu likikubalika, loki inaachia. Ukikaa ukabonyeza kitufe, swali linaulizwa upya, safari hii kutokea ndani ya gari.

Mwizi hana haja ya kuzivunja namba hizo. Udhaifu uko kwingine: gari halipimi umbali. Linachukulia kwamba maadamu mawimbi yake ni mafupi, basi anayejibu yuko karibu. Ni bawabu anayemtambua bosi kwa sauti; mtu akisimama getini na simu mkononi, wewe ukaitika kutoka kitandani, bawabu anafungua.

Ndivyo wanavyofanya. Wanakuja wawili. Mmoja anasimama kwenye mlango wa gari na kifaa, mwenzake anapita na antena karibu na dirisha au mlango wa nyumba. Swali la gari linabebwa hadi ulipo ufunguo wako, jibu linarudi, gari linawaka. Hakuna kioo kilichovunjwa, alamu haikulia, wewe umelala. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich kule Uswisi, Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Capkun, walilijaribu kwenye aina 10 za gari kutoka kwa watengenezaji 8, na zote zilikubali. Ujerumani, chama cha wenye magari kiitwacho ADAC kimekuwa kikirudia majaribio hayo. Hadi mwanzoni mwa 2019 kilikuwa kimepima gari zaidi ya 230, na zilizogoma kabisa zilikuwa 3, zote za Jaguar Land Rover.

Sasa tazama nyumba zetu. Ngamiani ukuta wa sebule ndio ukuta wa barabara. Gari linalala ubavuni mwa dirisha, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, au uko juu ya friji. Antena ya mwizi inahitaji kuukaribia ufunguo kwa mita chache tu, na kwa ramani hiyo hahitaji hata kuruka ukuta. Raskazone viwanja ni vikubwa, kutoka getini hadi chumbani pana umbali, hapo kazi yake ni ngumu. Kwa hiyo mahali ufunguo unapolala ndani ya nyumba ni jambo la maana kuliko wengi wanavyodhani.

La pili ambalo watu hawalijui: gari likishawaka, ufunguo ukiondoka halizimiki. Litapiga kelele, litaonyesha taa ya onyo kwenye dashibodi, basi. Limewekwa hivyo kwa usalama, maana injini ikizima ghafla ukiwa mwendo wa kasi barabara ya Segera utaua watu. Lakini maana yake ni kwamba aliyeliwasha anakwenda mpaka mafuta yaishe. Kutoka mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita 60 na kitu.

Mimi mwenyewe, kwa hapa kwetu, kisanduku cha antena sikipi nafasi ya kwanza. Ninachokiogopa zaidi ni ufunguo unaopita mikono ya watu kabla na baada ya wewe kulinunua gari. Mafundi mliomo humu semeni.

Kijana wa Duga:

Mkuu unawatisha watu bure. Mimi nina Raum ya ufunguo wa chuma, nalala usingizi mnono. Hivyo vitufe ni mbwembwe za matajiri.

Baharia Mstaafu:

Nimevuta kiti. Endeleeni.

Mwambao:

Kijana wa Duga, chuma peke yake si kinga. Marekani kuanzia 2021 kulikuwa na wimbi la wizi wa Kia na Hyundai, vijana wadogo wanarekodi na kurusha mtandaoni. Zilizokuwa zikiibiwa ni zile za kuzungusha ufunguo. Wanabandua plastiki ya chini ya usukani, wanazungusha kilichobaki kwa kichwa cha waya wa USB. Sababu: hazikuwa na imobilaiza, ile chipu inayozuia injini isiwake bila ufunguo wake halali. Zilizokuwa na kitufe cha kubonyeza zilikuwa nayo, wezi wale wakaziacha.

Kwa hiyo swali la kwanza kuliuliza gari lolote ni hili: lina imobilaiza au halina? Raum yako ikiwa haina, mtu mwenye bisibisi anakushinda mapema kuliko mwenye antena.

Kijana wa Duga:

Dah. Naitazamia wapi hiyo?

Fundi Waya:

Gari nyingi zinazo taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, ina alama ya gari na kufuli au ya ufunguo, inamweka ukishazima. Ikimweka, mara nyingi ipo. Zipo alamu za kufungwa mitaani zinamweka pia, zisikudanganye. Hakika zaidi ni kulipima kwa mashine.

Nijibu aliloniitia Mwambao. Kazi yangu ni waya na funguo za gari, miaka mingi, sitataja karakana.

Chini ya usukani kuna soketi ya OBD. Fundi anachomeka mashine pale anasoma makosa ya injini, na soketi hiyo hiyo ndiyo anayoingizia ufunguo mpya kwenye kumbukumbu ya gari. Gari likiwa na ufunguo halali mkononi mwa fundi, kuongeza mwingine ni dakika chache. Ukimuachia mtu gari na ufunguo, ukaenda kunywa chai na mahamri, ukirudi gari limeoshwa linang'aa na huna namna ya kuona kwa macho kama limeongezewa ufunguo. Ukipoteza zote ndiyo shughuli. Toyota kadhaa za zamani mashine inakulazimisha kusubiri dakika 16 ndipo ikubali kufuta na kuanza upya.

Sasa tazameni gari zinavyokuja. Nyingi zinatoka Japani na ufunguo mmoja. Wa pili ukibaki huko kwa mwenyewe wa kwanza hauna madhara, hapandi ndege kuja kuchukua Vitz. Tatizo ni gari lililotumika hapa hapa, limepita kwa mtu wa tatu, wa nne, kila mmoja alichonga wa akiba. Wewe unakabidhiwa mmoja, unashukuru, unaondoka.

Mashine inaonyesha gari lina funguo ngapi zilizosajiliwa. Ikisema 3 na wewe unao 1, waambie wafute zote wasajili wa kwako. Watu wananunua gari la milioni ishirini, wanabishania tairi na redio, hili hakuna anayeliuliza.

Mama wa Makorora:

Asalaam aleikum. Nimesoma kwa makini. Naomba niongeze kwa lililotupata nyumbani.

Shemeji yangu alinunua gari la kubonyeza mkononi kwa mtu. Akalala nalo nje ya nyumba, akaamka halipo. Pale chini hakuna hata chenga ya kioo. Amekwenda polisi akapewa RB, ile namba ya taarifa, na maswali yalikuwa mengi: ulimuazima nani, una deni na nani, mbona hakuna kilichovunjwa. Nikawaza, ni haki yao kuuliza. Kwenye bima ndiko kulikokuwa na kazi. Alikuwa na bima kubwa, si ile ya kulipia gari la mwenzio. Wakamwambia alete funguo zote za gari. Anao mmoja. Wa pili uko wapi? Hakukabidhiwa. Imeandikwa wapi kwamba hukukabidhiwa? Haikuandikwa popote. Likavutwa hilo jambo miezi.

Kampuni siitaji, na sidhani walikosa kuuliza. Ila nawaomba wanangu, kwenye hati ya mauziano muandike idadi ya funguo mlizopokea, muzipige picha siku hiyo hiyo, na aliyewauzia aweke sahihi. Ni mstari mmoja tu.

Mwambao:

Mama shikamoo. Hili ndilo sikuwa nimeliona likisemwa popote. Watu wanazungumzia gari kuchukuliwa, hawazungumzii kesho yake, unapotakiwa kuthibitisha kwamba hukuliuza mwenyewe. Kioo kilichovunjika kilikuwa shahidi. Wizi wa namna hii haukuachii hata huyo.

Mama wa Makorora:

Marahaba mwanangu.

Dereva wa Segera:

Mimi naweka ufunguo kwenye friji, niliona video.

Fundi Waya:

Mkuu utaua betri ya ufunguo kwa unyevu, na lastiki ya mlango wa friji inapitisha mawimbi. Tafuta kopo la bati la biskuti au la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati unaobana. Ukitumia karatasi ya aluminiamu, zungushia zaidi ya mara moja, pasiwe na upenyo. Vipo na vifuko maalumu vyenye kitambaa cha nyuzi za chuma, vingine ni bandia.

Usiamini chochote kati ya hivyo mpaka ujaribu. Weka ufunguo ndani, funga, sogeza kopo mpaka usawa wa kitasa cha gari, gusa. Likifunguka, kopo hilo ni la biskuti tu. Na ufunguo wa akiba nao uingie humo, wengi wanaficha mmoja wanasahau wa pili uko kwenye droo ya kitanda.

Toyota za miaka ya karibuni unaweza kuulaza ufunguo wenyewe: bana kitufe cha kufunga, huku umekibana bonyeza cha kufungua mara 2, taa ya ufunguo itamweka mara 4. Hapo haujibu mpaka ubonyeze kitufe tena. Za zamani nyingi hazina hilo. Kwa hizo, ukisafiri wiki nzima, toa betri. Ndani ya rimoti mna kijiti cha chuma cha kufungulia mlango, na kuwasha unaugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kubonyeza huku umekanyaga breki, gari linausoma hata bila betri. Ujue hilo kabla halijakukuta usiku Kabuku.

Kijana wa Duga:

Hii ya kugusisha sikuijua wallahi. Jirani aliliburuza gari lake kwa fundi kwa sababu ya betri ya rimoti.

Mpwa wa Bombo:

Naona mmeishia kwenye ufunguo. Wenye gari mpya mpya wasidhani kopo la biskuti linamaliza mambo.

Mwaka 2022 London, mtafiti wa usalama wa magari anayeitwa Ian Tabor aliona mtu amechezea bampa na taa ya mbele ya RAV4 yake. Akadhani wahuni. Halafu ikajirudia, halafu gari likaondoka. Alimshirikisha mwenzake Ken Tindell wakachimba, na 2023 wakaeleza hadharani. Wezi walikuwa wanazifikia waya za taa, wanachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika ya JBL ya bluetooth, na kifaa kile kinasema uongo kwenye mtandao wa ndani wa gari, ule wa CAN unaounganisha kompyuta zake zote: kwamba ufunguo halali upo, fungua mlango, ruhusu injini. Ufunguo wako uwe kwenye kopo, uwe baharini, hauhusiki kabisa.

Hapa kwetu ukikuta bampa limelegea na waya wa taa unaning'inia, mawazo ya kwanza ni wezi wa taa na saiti mira. Mara nyingi itakuwa kweli. Lakini kama una gari la miaka hii na taa imeachwa, imechezewa tu, usilale nalo hapo usiku unaofuata.

Fundi Waya:

Sahihi. Niongeze kwamba Vanguard ya 2008 au X-Trail ya enzi hizo si mahali pa kifaa hicho, kinatengenezwa kwa gari maalumu. Asije mtu kesho kuniambia nimfunike taa kwa bati.

Dereva wa Segera:

Kwa hiyo hakuna gari la kubonyeza lililo salama? Hao Land Rover walifanya nini?

Mwambao:

Walilifundisha gari kupima umbali. Ufunguo na gari wanatumia mawimbi ya aina nyingine, mapana sana, na gari linahesabu muda ambao jibu limechukua kurudi. Mawimbi ya redio yanakwenda sentimita 30 kwa kila sehemu ya bilioni ya sekunde. Ukiyapitisha kwenye kifaa cha mtu wa kati yanachelewa tu, hayawezi kuwahi, kwa hiyo gari linajua anayejibu yuko mbali. Sasa na watengenezaji wengine wanaiweka hiyo. Ila tuongee ukweli, gari tunazonunua sisi nyingi zimetoka kiwandani kabla ya hapo.

Kijana wa Duga:

Mi naona dawa ni swichi ya siri. Mjomba kafunga kwenye pampu ya mafuta, gari linawaka linazima baada ya muda mfupi.

Fundi Waya:

Swichi ya siri naikubali, kwa masharti. Pampu inakula umeme mwingi. Ukipitisha moja kwa moja kwenye kiswichi cha bei ya soda kinayeyuka, na gari linakuzimikia mbele ya lori la mkonge. Iwekwe rilei, swichi ya umeme inayoubeba mzigo huo badala ya kiswichi, na fyuzi yake. Pili, mnaijua watatu: wewe, fundi na kijana aliyemshikia tochi. Chagua fundi kwanza, mahali pa kuificha baadaye.

Nalipenda kufuli la usukani, lile bomba la chuma linaloonekana. Halina akili yoyote na ndiyo sifa yake, antena haizungumzi nalo. Mwizi anaweza kulikata, lakini kwa kelele na muda, na gari la jirani halina.

Dereva wa Segera:

Traka je? Mimi nimefunga, naliona gari kwenye simu mpaka Hale.

Mpwa wa Bombo:

Traka haizuii wizi, inakusaidia kulitafuta. Na angalia mambo mawili. Laini iliyomo ndani ina bando? Nimeona watu wanafungua simu wanaoneshwa gari liko Kange, kumbe hapo ndipo lilipokuwa siku bando lilipokwisha. Halafu laini imesajiliwa kwa alama ya kidole ya nani? Kama ni ya kijana aliyekufungia, basi yeye naye anaweza kuwa anajua gari lako linalala wapi kila siku.

Wezi wenye vifaa wanatembea na vya kuziba mawimbi ya traka pia. Kwa hiyo isiwe peke yake.

Mama wa Makorora:

Na sokoni je? Pale Mgandini naona vijana wanabonyeza rimoti huku wameshageuka, hawatazami nyuma.

Mwambao:

Mama umegusa penyewe. Kuna kifaa kidogo kinachorusha kelele kwenye masafa ya rimoti. Unabonyeza kufunga, gari halisikii, unakwenda zako. Anayekutazama anafungua mlango tu kama wa kwake na kuchukua begi lililomo. Dawa yake ni ya bure: subiri taa zimweke na usikie loki, kisha vuta kitasa. Kwa gari za kubonyeza, kuvuta kitasa huku ufunguo uko mfukoni kutafungua, kwa hiyo vuta mlango wa nyuma ambao hauna kitambuzi, au mpe ufunguo mwenzako asogee pembeni.

Baharia Mstaafu:

Nimesoma toka juu. Nina Dualis. Ilikuja na funguo mbili, mmoja ulidondoka sokoni mwaka jana nikaona si neno, ninao wa pili.

Fundi Waya:

Mzee shikamoo. Ule uliodondoka ulikuwa na kishikizo chenye namba ya gari?

Baharia Mstaafu:

Marahaba. Ndiyo, kijana wangu alinichongea, kizuri kweli, namba zote za pleti.

Fundi Waya:

Mzee, aliyeuokota anajua gari gani linafunguka nao, mji wenyewe ndio huu. Kesho asubuhi nenda kwa fundi mwenye mashine ya Nissan. Nenda na ufunguo uliobaki, na kama mama ana mwingine nao beba, maana Nissan ikisajili upya inafuta zote ambazo hazipo pale. Simama hapo hapo mpaka amalize, mwambie akuoneshe imesajili ngapi. Leo usiku liingize ndani ya geti.

Baharia Mstaafu:

Geti halina kufuli, natafuta nyororo.